Sauti Iliyokaa Darini

"Usichomeke!"

Atuganile alipiga kelele akiwa bado mlangoni, mwavuli mkononi, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mama mkwe wake, Bibi Subilaga, alikuwa amepiga magoti kando ya meza ya kazi, plagi mkononi, ncha zake zinagusa tayari matundu ya soketi. Juu ya meza ilikaa mashine ya kurekodia sauti kwa utepe, ya marehemu mume wake: sanduku zito la mbao na chuma, magurudumu mawili juu, jeusi kwa masizi kama sufuria ya maharage.

"Nataka kuona tu kama inawaka," alisema Bibi.

"Ukiichomeka hivyo utaona inavyowaka, mama. Itawaka pamoja na nyumba."

Alimnyang'anya plagi, kwa adabu lakini alimnyang'anya, akamsaidia kusimama. Bibi alikuwa amebeba mashine hiyo kutoka nyumba yake ya chini, kwenye mvua ya Tukuyu, imefunikwa kwa majani ya mgomba, peke yake. Huyo ndiye aliyekuwa akilalamika mgongo tangu Pasaka.

"Humo ndani," Atuganile alisema akiigonga kwa ukucha, "kuna vikopo vidogo vinavyoshika umeme. Kapasita. Vikikaa miaka bila kazi, utando wake wa ndani unakufa. Ukivimwagia umeme wote kwa pigo moja, vinapasuka, na transfoma inaungua pamoja navyo. Inabidi vionjeshwe kidogo kidogo mpaka utando urudi."

"Kama mtu aliyeugua tumbo. Humpi nyama siku ya kwanza."

"Hivyo hivyo. Na wewe ulitaka kumpa ng'ombe mzima."

Bibi alicheka, halafu akaacha ghafla. Alijigusa sikio la kushoto. "Hili limeshakufa, Mama Tuse. Hili lingine linaaga. Daktari kasema mvua za mwakani sitazisikia zikipiga bati. Nataka nimsikie mwanangu kabla."

"Karibu, mama," ilisema sauti tulivu kutoka ukutani, juu ya kabati la vyombo. "Umelowa. Tuse akirudi atakuwekea chai."

Ilikuwa sauti ya Lugano, mume wa Atuganile, aliyekufa lori la chai lilipopinduka, binti yao Tusekile akiwa bado ananyonya. Kila nyumba yenye msiba ilikuwa na Mwangwi wake siku hizo, mtambo wa ukutani unaosema kwa sauti ya marehemu katika vyumba vyote. Ulipeleka sauti chache za marehemu, kampuni ikajaza zilizokosekana, na wiki ya pili marehemu alikuwa anakukumbusha kuzima jiko.

Bibi hakuitikia. Hakuwahi kuitikia hata mara moja. Aliketi, akafungua kitambaa kilichokuwa ndani ya majani ya mgomba, akatoa gurudumu la utepe.

"Alijifungia nalo jikoni kwangu, kabla hajakuoa. Siku nyingi. Nikigonga ananifukuza. Alipomaliza akaliweka darini, akasema lisiguswe."

*

Atuganile alikuwa na stashahada ya elektroniki na mikono isiyotetemeka. Alifungua skrubu zote, akaziweka kwenye sahani kwa mpangilio, akainua kifuniko. Harufu ya moshi na mafuta ya taa ikamjaa puani.

"Mama, hii mashine uliifanya nini?"

"Niliitunza!" Bibi alisema kwa fahari. "Ilikaa dari ya jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Fukusi haingii kwenye moshi. Kila msimu nikiteremsha mbegu, naiteremsha nayo, naifuta ndani na nje kwa mafuta ya taa, naipandisha."

Atuganile aliingiza kidole, akakitoa kikiwa na uji mweusi unaonata. Huo ndio uliokuwa mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu. Mafuta ya taa yaliuyeyusha taratibu, msimu baada ya msimu, kwa upendo. Alitaka kusema kitu, akamtazama yule mama alivyokaa wima akingoja kusifiwa, akakimeza.

"Ukungu haukuingia hata chembe," alisema badala yake, na hilo lilikuwa kweli. "Watu wa hapa wanaleta redio zimeota uyoga."

Kisha akaupeleka utepe dirishani na hapo hakuweza kuficha uso. Joto la miaka lilikuwa limeukausha. Alipoukunja sentimita chache tu za mwanzo, zile tupu, unga wa kahawia ulibaki kwenye kidole gumba. Unga ule ndio unaoshika sauti. Plastiki peke yake haina neno.

"Utapita kwenye mashine mara moja," alisema. "Kila kipande kikipita kichwani kitaacha ngozi yake hapo hapo. Hakuna kurudia, mama. Na hakuna cha kurekodia tena. Kila kipaza sauti siku hizi kinasafisha kinachosikia kabla hakijahifadhi."

"Mara moja inanitosha. Mimi si kasuku."

Mlango ukafunguliwa, Tusekile akaingia, nywele zinachuruzika, mikono mitupu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa baba yake.

"Spiriti niliyokutuma iko wapi?" Atuganile aliuliza.

"Du-du-du…" Msichana alifunga macho, shingo ikamkaza, mguu ukapiga sakafu. "Duka."

"Duka limefanya nini?"

Atuganile alijua mwenyewe. Mlango wa duka la ushirika ulikuwa umewekwa ule mtambo mpya: unasema jina lako na unachotaka, mlango unafunguka, ukichelewa, unaita mteja anayefuata. Ilikuwa hivyo kwenye zahanati, ilikuwa hivyo kwenye lango la shule. Mitambo yote ilikuwa na haraka.

"Wamenicheka," alisema mwishowe, akielekeza uso ukutani, si kwa mama yake. "Ba-ba-ba…"

Sauti ya ukutani ilingoja. Haikumdokolea neno, haikupumua kwa kuchoka. Ilingoja mpaka msichana akafika mwenyewe.

"Baba. Wa-wamenicheka."

"Pole, Tuse mwanangu. Polepole. Hakuna anayetufukuza. Ulitaka kusema nini pale dukani? Niambie mimi."

Atuganile alichukua mwavuli akaenda kununua spiriti mwenyewe. Alisema jina lake kwa sekunde moja, mlango ukafunguka, na njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira asiyojua aielekeze wapi.

*

Mpira wa ndani wa baiskeli, ukiukata kwa wembe na kuuunganisha vizuri, unafanya kazi ya mkanda. Kichwa cha kusomea alikisugua kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Vilainishi vikavu alivitoa kwa kijiti cha kiberiti, akaweka tone moja moja la mafuta ya cherehani. Kilichobaki kilikuwa umeme, na umeme ulihitaji subira.

Alichukua balbu ya zamani ya kulea vifaranga, ile yenye waya mwekundu ndani, akaifunga kwenye njia kati ya soketi na mashine. Ikiwa ndani kuna waya uliogusana, balbu itawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo wenyewe, mashine isidhurike. Ikiwa kuko salama, itawaka kidogo halafu ififie. Kisha transfoma ya kurekebisha, ile yenye kitasa cha mviringo, ambayo wanafunzi wenzake chuoni walikuwa wakiiita jiko la bibi kwa sababu inapika kwa moto mdogo.

Aligeuza kitasa kiasi cha unywele mmoja. Balbu ikang'aa, ikasita, ikafifia.

"Safi," alijisemea. Akaketi kungoja.

Chumba cha pili, nyuma ya ubao, alimsikia Tusekile akizungumza na ukuta. Aliposema na baba yake peke yao, alikwama kidogo zaidi, kwa sababu hakujizuia.

"Ba-baba, hivi wewe uki-uki-ukiwa mdogo… ulikuwa hivi?"

"Hapana, mwanangu. Mimi sikuwahi kukwama. Na wewe utaacha. Nina hakika."

Mkono wa Atuganile ulisimama juu ya kitasa.

Msichana alikuwa na miaka sita mara ya kwanza Atuganile alipomwambia: baba yako alikuwa hivyo hivyo, tena kukuzidi. Mtoto alikwenda moja kwa moja kumuuliza baba. Baba akakana, kwa upole, kwa sauti ile laini. Mtoto akarudi akisema mama ni mwongo. Alirudia kumwambia alipokuwa na tisa, na kumi na mbili. Nani angemwamini mama aliyechoka dhidi ya marehemu mwenyewe?

Mwangwi haukudanganya kwa makusudi. Haukuwa na namna ya kujua. Lugano alikuwa mtu wa kuandika ujumbe; alipolazimika kutuma sauti, alirekodi na kufuta, akarekodi na kufuta, mpaka ipatikane moja isiyokwama. Hizo tu ndizo zilizobaki kwenye simu yake. Mikwaruzo iliyosalia kampuni iliisafisha pamoja na kelele za ng'ombe. Kisha mtu huyo aliyetengenezwa kwa vipande vyake bora akamlea binti: akamfundisha hesabu, akamwimbia, akangoja kila neno lake mpaka mwisho.

Atuganile alitazama plagi. Hatua moja tu ilihitajika. Aichomoe kwenye balbu, aichomeke ukutani, kama angefanya mtu yeyote asiyejua. Kungekuwa na mlio, moshi kidogo. Angesema imekufa, mama, nimejaribu. Na Tukuyu nzima hakuna ambaye angebishana na fundi. Tusekile angebaki na baba. Bibi angelia wiki moja.

Wiki moja, na kabla ya mvua za mwakani angekuwa kiziwi.

Aligeuza kitasa kiasi cha unywele mwingine. Balbu ikang'aa, ikafifia.

*

"Kaa chini, Tuse," alisema kesho yake asubuhi. Mashine ilikuwa tayari, imefunikwa kwa kanga. "Mimi sijui kuzungusha maneno. Bibi yako atausikiliza utepe huu leo. Wewe unaweza kuwapo, unaweza usiwepo. Ukisikia, baba yako wa ukutani hatakuwa kama alivyokuwa. Haitawezekana kurudisha."

"U-u-unaona wivu."

"Mimi?"

"Kwa sa-sababu anaongea na mimi. Wewe hu-huongei naye. Unamwagiza tu."

Lilikuwa kweli, likamchoma, akaliacha lipite. "Kwenye utepe huu atakwama," alisema. "Nimekwambia mara tatu maishani mwako na hukuniamini. Leo sitakuomba uniamini. Nakuomba uamue."

Tusekile aligeuka. "Baba?"

"Leteni huo utepe," ilisema sauti, kwa furaha. "Sauti zangu ni chache. Nikipata nyingine nitakuwa mzima zaidi kwako."

"Umesikia?" Msichana alinyoosha kidevu. "Ha-haogopi. Mwenye ku-ku-kuogopa ni wewe. Utaaibika, Mama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alikuwa amekubali, lakini alikubali kama mtu anayekubali kuruka ukuta akidhani upande wa pili kuna nyasi. Kukubali kwa namna hiyo ni kukubali? Mama anayejua kilichopo upande wa pili amruhusu? Atuganile alimtazama binti, kisha Bibi, aliyekuwa amekwisha kusogeza kigoda mpaka sikio la kulia karibu liguse spika. Kumfukuza mtoto nje kulikuwa bado kunawezekana. Angemwambia nenda kachume mboga, angeenda, akinung'unika, na angebaki mtoto wa ukuta maisha yake yote, akijiona yeye peke yake ndiye aliyeharibika katika ukoo mzima.

Aliondoa kanga. Kitasa kilikuwa kimefika mwisho, balbu imefifia kabisa. Akabonyeza.

Kwanza kukawa na mvumo, na ndani ya mvumo, mvua juu ya nyasi. Jogoo. Mtu akakohoa. Unga wa kahawia ukaanza kudondoka chini ya kichwa cha mashine kama ugoro.

"Mo-mo-mo-moja," alisema kijana. "Mbi-mbi… Mbili. Aa, shenzi."

Bibi Subilaga aliweka viganja viwili mdomoni.

"Haya. A-a-a-a…" Sauti ilikaza, ikakatika. Kiti kikasukumwa. "A-a-atu. Atu-atu. Atu-ga…" Kimya. Mvua. "A-a-a-atuganile."

Alianza upya. Halafu upya tena. Mtu alipiga sakafu kwa mguu, pigo moja kila alipokwama. Tusekile aliutazama mguu wake mwenyewe.

"A-atuganile. Na-naomba… Atu-atuganile, na-na-nataka ku-kuku-ku…" Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka. Mlango ukagongwa, sauti ya mwanamke kijana kwa mbali ikafoka kuwa ndizi zinaungua. "Ni-ni-niache, mama! Nina ka-kazi!"

"Nilikuwa mimi," Bibi alinong'ona. "Zile ndizi ziliungua kweli."

Upande mzima ulikuwa hivyo. Jina la mwanamke mmoja, likirudiwa mamia ya mara na mtu aliyetaka kulifikisha mwisho. Kuelekea mwishoni alilisema mara moja bila kukwama, akanyamaza kana kwamba amejishtua, akajaribu tena, likakwama. Kisha utepe ukatoka kwenye gurudumu na ncha yake ikabaki ikipiga, pwa, pwa, pwa, ang'avu kama ganda la kitunguu, haina kitu.

Atuganile alizima. Alikuwa hajui. Miaka yote ya ndoa hakuwa amejua kwamba alilifanyia jina lake mazoezi.

"Nimeisikia," ilisema sauti ya ukutani. "Ina dosari nyingi, lakini nimeisafisha. Mnataka kuisikia?" Na bila kungoja, kwa ulaini, kama mtangazaji: "Atuganile. Nataka kukuoa."

"Nyamaza!" Tusekile alipiga kelele. Neno lilitoka zima, kama linavyotoka wakati mwingine kwenye hasira. Alikuwa amesimama, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. "Hi-hiyo si… Irudishe. Irudishe ali-ali-alivyosema."

"Siwezi kuhifadhi dosari, mwanangu. Nimekosea nini? Niambie, nitarekebisha."

Msichana aliusogelea ukuta. Mwangwi ulisajiliwa kwa sauti yake tangu akiwa mdogo. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuufunga kabisa. Lilihitajika neno moja, na sharti lisemwe zima.

"Na-na-na…"

Atuganile alipiga hatua. Bibi akamshika kanga, akamrudisha.

"Na-na-nafu…"

"Polepole, Tuse," ilisema sauti. "Nipo. Hakuna anayetufukuza."

Alijaribu na kushindwa, akajaribu na kushindwa, na kila aliposhindwa ile sauti ilimngoja, kama ilivyomngoja siku zote, bila kumdokolea, bila kuchoka. Mitambo mingine yote ya mji ule ingekuwa imeshaita mtu mwingine.

"Nafu-nafunga."

"Vizuri sana, mwanangu," ilisema. Taa ndogo ya ukutani ikazimika.

*

Chai ilipoa. Bibi alisinzia kitini, kichwa kimeinamia upande wa sikio zima. Atuganile alikuwa anakusanya unga wa kahawia kwa brashi, hata hakujua ataupeleka wapi.

"Mama," Tusekile alisema. Alikuwa na muda mrefu hajaanza sentensi kwa neno hilo. "Siku a-aliyokuja kukwambia. Kwe-kwelikweli. Alikwama?"

"Ilikuwa mtoni," Atuganile alisema. "Nilikuwa naosha miguu. Alikuja na baiskeli, akaiangusha…"

Aliiona baiskeli, gurudumu likizunguka hewani. Aliuona uso wa Lugano, shati lake la mikono mifupi, midomo ikifunguka. Na kutoka midomoni mle, wazi, ilitoka sauti laini ya ukutani: Atuganile, nataka kukuoa. Akafumba macho akaitafuta nyingine. Ilikuwepo, alikuwa na hakika ilikuwepo. Alirudi mtoni mara ya pili na ya tatu, na kila mara mtu yule alizungumza vizuri.

"Sikumbuki," alisema. "Nimemsikia huyu wa ukutani kwa miaka mingi mno, Tuse. Amenifutia."

"Na na-nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna. Mimi na yeye tu."

Tusekile alivuta kigoda akaketi miguuni pa mama yake. Mvua ilianza tena juu ya bati, na Bibi katika usingizi aligeuza sikio kuielekea.

"Ba-basi," alisema msichana, "tuseme ali-alikwama."

Atuganile, ambaye hakuwa mtu wa kubuni kitu, aliiweka ile brashi chini. "Alikwama," alisema. "Sana. Nikamngoja."